Taulo la maikrofaiba lisigeuke ng'onda: mwongozo kamili wa kufua na kuanika kwa maji yetu ya Mtwara na Lindi

Swali linalorudi kila mara ni lile lile. Taulo la maikrofaiba limenunuliwa laini, limefuliwa mara chache tu, sasa limekakamaa kama ng'onda. Ukilipitisha kwenye kioo linasukuma maji badala ya kuyanyonya. Ukilipitisha kwenye rangi ya gari linaacha michirizi. Mwenye kaa woshi anasema kauziwa feki, mwenye saluni anamlaumu binti anayemfulia, na nyumbani taulo limeshageuzwa dekio.

Mara nyingi taulo halina kosa. Kinacholikakamaza hivyo ni vitu vilivyobaki ndani yake: sabuni ambayo haikusuuzwa ikaisha, chokaa ya maji ya kisima, mafuta, nyuzi za kanga na taulo za pamba, na kwetu huku pwani, chumvi. Hatua zote za hapa chini zina lengo moja: taulo lirudi kabatini bila kitu kingine ndani yake.

Kwa nini maikrofaiba ndiyo inayoathirika zaidi kuliko taulo la kawaida? Nyuzi zake ni poliesta iliyochanganywa na nailoni, mara nyingi kwa asilimia 80 kwa 20 au 70 kwa 30, na ni nyembamba kupita kiasi. Uzi mmoja uko chini ya dinieri 1, yaani mita 9,000 za uzi huo hazifikishi gramu 1. Mita 9,000 ni kilomita 9. Ukiunyoosha kutoka Mtwara mjini umebakiza kidogo kufika Mikindani. Maji hunywewa na zile nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi hizo. Zikizibwa, taulo limekufa hata kama halijachanika popote.

## Vitu vya kuandaa

Kiasi hiki kinatosha taulo sita hadi nane za saizi ya kawaida ya kufutia, za sentimita 40 kwa 40.

- Mabeseni mawili safi, au ndoo mbili. Ndoo ya kuoshea matairi isihusike kabisa.
- Madumu mawili ya maji ya lita 20.
- Lita 5 za maji ya mvua kwa suuzo la mwisho, kama unayo.
- Sabuni ya maji isiyochanganywa na dawa ya kulainisha nguo.
- Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5.
- Brashi laini ya nguo.
- Kamba safi ya kuanikia na vibanio.
- Chupa tupu ya maji ya kunywa, inayoonyesha ndani, pamoja na kifuniko chake.

Weka mbali sabuni ya mche, dawa ya kulainisha nguo, jiki na pasi. Sabuni ya unga si adui mkubwa, ila kwenye maji ya baridi haiyeyuki yote, na chembe zake hujificha humo kwenye manyoya ya taulo. Kama huna nyingine, ikoroge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka usione punje.

Kuhusu sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani, ile inayouzwa kwenye chupa za soda: inafaa, lakini nguvu yake hutofautiana kwa mtengenezaji na mtengenezaji, na wengi huongeza chumvi ili iwe nzito. Uzito wake usikudanganye kuhusu ukali wake. Anza na kidogo.

## Kabla ya yote, yajue maji yako

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu maelekezo yaliyobandikwa kwenye taulo hayajui wewe unachota wapi.

Chukua chupa yako, tia maji hadi nusu, kwangua vipande vichache vya sabuni ya mche (kwa kipimo hiki tu) utie ndani, funga, tikisa kwa nguvu. Maji laini yatatoa povu zito linalokaa, na chini ya povu maji yatakuwa yanaonekana vizuri. Maji magumu yatatoa povu la kubahatisha linalokufa upesi, na maji yenyewe yatakuwa meupe meupe yenye vipande vinavyoelea.

Vile vipande ndivyo vinavyokakamaza taulo. Maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa hubeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana nayo, zinaungana na kutengeneza ukoko usioyeyuka. Ukoko huo hauondoki kwa kuongeza sabuni. Ukiongeza sabuni unauongeza na wenyewe. Sabuni za maji za kisasa hazitengenezi ukoko wa namna hiyo, na ndiyo sababu pekee ya kuiacha sabuni ya mche, ambayo kwa kanga na mashuka ni sabuni nzuri tu.

Maji ya mvua hayana chokaa. Waliozoea kukinga mvua kwenye matangi, kama ndugu zetu wa Newala na Tandahimba kule juu ya nyanda za Makonde, wana nafuu kubwa kwenye kazi hii. Aliyeko pwani mwenye kisima cha maji ya chumvi chumvi ana kazi zaidi, na inabidi asiruke hatua ya siki.

## Hatua ya 1: Tenganisha

Gawa taulo mafungu kwa kazi yake: za vioo, za rangi ya gari au fanicha, za jikoni, za nywele, za matairi na injini. Kila fungu lifuliwe peke yake, kuanzia lililo safi zaidi kwenda lililo chafu zaidi. Ukifuata mpangilio huo, maji yaliyofua taulo za vioo yanaweza kufua za matairi, na hujamwaga dumu bure.

Usichanganye kamwe na kanga, taulo za pamba au soksi. Maikrofaiba imetengenezwa ili inase vumbi, kwa hiyo itanasa kila unyoya wa pamba unaoachia kwenye beseni, na hautatoka kirahisi.

Taulo mpya zifuliwe kabla ya kutumika, kila rangi kivyake. Nyekundu na bluu iliyokolea huchuja rangi mwanzoni.

## Hatua ya 2: Toa mchanga likiwa kavu

Shika taulo pembe mbili, likung'ute kwa nguvu nje ya nyumba. Halafu lisuuze haraka kwenye maji matupu, yasiyo na sabuni, ukilizamisha na kulinyanyua bila kulifikicha.

Mchanga mweupe wa pwani unatoka kwa urahisi. Udongo mwekundu wa bara, ule unaorudi na gari lililotoka Masasi au Newala, ni laini zaidi na hung'ang'ania. Ukianza kufikicha ukiwa bado ndani, unalisugua taulo kwa msasa ambao kesho utakuwa juu ya rangi ya gari la mteja.

Umefanikiwa pale maji ya kutangulizia yanapotulia na unaona mchanga umekaa chini ya beseni. Nyanyua taulo kwanza, ndipo umwage maji. Ukimwaga taulo zikiwa ndani, mchanga wote unarudi ulikotoka.

## Hatua ya 3: Madoa yashughulikie kivyake

Mafuta ya nazi kwenye taulo za saluni hayana shida, mradi maji yasiwe ya baridi. Huanza kuganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo kwenye maji ya asubuhi yenye ubaridi yatabaki yamejishikiza kwenye nyuzi. Tumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji juu ya doa, kanda kwa vidole, ngoja dakika kumi.

Grisi ya mnyororo wa bodaboda na oili chafu hufanyiwa hivyo hivyo, mara mbili kama ni lazima. Petroli usiitumie. Inahamisha mafuta kutoka sehemu moja na kuyasambaza taulo zima, na taulo lenye petroli likianikwa karibu na jiko ni moto unaosubiri sababu.

Kisha kuna msimu wa korosho. Maji ya mabibo yakiingia kwenye taulo, lisuuze saa hiyo hiyo. Yakikauka yanaacha doa la kahawia ambalo huliondoi. Doa hilo ni la sura tu, ulaini wa taulo haupungui, kwa hiyo usiliharibu kwa jiki ukitafuta weupe. Mafuta ya ganda la korosho ni jambo lingine kabisa. Yanawasha na kubabua ngozi, na yakikaa yanaganda kuwa gundi nyeusi. Taulo lililopanguswa mashine ya kubangulia au bodi la lori lenye mafuta hayo litoe kwenye mzunguko, libaki la kazi hiyo hiyo. Usilitie beseni moja na mengine.

## Hatua ya 4: Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo

Lita 10 za maji, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji. Kimoja. Loweka dakika 15 hadi 20, kisha lifinye na kuliachia, lifinye na kuliachia, ili maji yapite katikati ya nyuzi. Usilifikiche taulo kwa taulo wala usilipige kwenye jiwe.

Joto la maji liwe nyuzi 30 hadi 40. Maji yaliyoshinda juani kwenye tangi la plastiki juu ya paa, ukiyafungua alasiri, mara nyingi yanatosha bila kuni wala gesi. Yakiunguza mkono yamezidi. Poliesta huanza kulegea kati ya nyuzi joto 70 na 80. Ndiyo maana wanaochemsha taulo sufuriani "kuua vijidudu" hurudi na taulo lililojikunja na lisilonyooka tena.

Jiki usitie. Klorini huila nailoni, na nailoni ndiyo sehemu inayosaidia kunyonya maji. Magadi nayo yaache kwa maharage: yanalainisha maji kweli, lakini huja na uchafu na punje zake.

Dawa ya kulainisha nguo ndiyo inayowapotosha watu wengi, kwa sababu jina lake linaahidi kile hasa wanachotafuta. Kazi yake ni kupaka nyuzi utando wa mafuta ili mkono uhisi utelezi. Kwenye shati, hewaa. Kwenye maikrofaiba utando huo unaziba zile nafasi ndogo, na siku ya pili unaona taulo linateleza juu ya maji. Taulo linanukia vizuri na halifanyi kazi.

Hatua hii imekwenda sawa kama maji yamechafuka na povu ni la wastani. Beseni likijaa povu hadi ukingoni, hujafua vizuri zaidi. Umejiongezea kazi ya kusuuza.

## Hatua ya 5: Suuza mpaka chupa ikubali

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo taulo nyingi zinapoharibikia.

Kwenye kaa woshi moja nilimsikia mteja akimuuliza kijana aliyekuwa anatumbukiza taulo kwenye ndoo yenye maji ya kijivu: "Mdogo wangu, haya maji umebadilisha kweli?" Kijana akajibu bila wasiwasi, "Bosi, bado yana povu haya, mazima kabisa." Akalikamua, akalitundika kwenye uzio, akachukua jingine. Kwake povu ni dalili kwamba maji bado yana kazi. Kwenye kusuuza povu ni dalili kwamba bado una kazi wewe.

Maji yananunuliwa, tunajua. Lakini siri ya kusuuza haiko kwenye wingi wa maji, iko kwenye namna ya kuyagawa. Chukulia taulo zako nane, baada ya kukamuliwa, bado zimebeba lita 1 ya maji ya sabuni. Ukizitia kwenye lita 15 mara moja, sabuni inasambaa kwenye lita 16, na taulo zinatoka na sehemu 1 ya 16 ya sabuni ya mwanzo. Sasa chukua lita 15 zile zile uzigawe mara tatu, lita 5 kila suuzo, ukikamua katikati. Suuzo la kwanza linabakisha sehemu 1 ya 6, la pili 1 ya 36, la tatu 1 ya 216. Maji ni yale yale. Tofauti ni zaidi ya mara 13.

Kwa hiyo: maji kidogo, mara tatu, kukamua kila mara. Kukamua kusikosekane, maana lile taulo linalohamishwa likiwa linatiririka limehama na sabuni yake yote.

Baada ya suuzo la tatu fanya kipimo. Kamulia taulo moja kwenye ile chupa ya uwazi, funga, tikisa kwa sekunde kumi, weka chini. Viputo vikipasuka na kuisha mara moja, endelea. Povu likibaki limekaa juu, rudia suuzo moja. Kipimo hiki usikiache kwa kuwa taulo "linaonekana" safi. Sabuni iliyobaki haionekani, inaonekana kesho yake likishakauka.

## Hatua ya 6: Siki

Kwa maji laini au ya mvua hatua hii fanya mara moja moja. Kwa maji magumu ifanye kila unapofua.

Changanya nusu kikombe cha siki kwenye lita 10 za maji, tumbukiza taulo, ziache dakika 10, kamua. Kisha suuza mara moja ya mwisho, na hapa ndipo zile lita 5 za maji ya mvua zinapofaa. Asidi ya siki inayeyusha chokaa ambayo maji ya kisima yameacha, na kusuuza kwa maji ya mvua kunahakikisha hurudishi chokaa nyingine juu yake.

Ndimu inaweza kushika nafasi ya siki ukikwama, ila ichuje kwa kitambaa. Nyama za ndimu na mbegu hazina kazi humo.

Tahadhari ambayo haina mjadala: siki au ndimu isikutane na jiki, iwe kwenye beseni moja au kwenye taulo lililokuwa na jiki ambalo halijasuuzwa. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari ya kweli. Ikitokea, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Harufu ya siki itakuwepo wakati taulo ni bichi. Likikauka inaisha. Isipoisha, ulizidisha.

## Hatua ya 7: Kamua bila kusokota

Likunje taulo mara mbili, libane kati ya viganja, au liviringishe ndani ya taulo jingine la maikrofaiba lililo kavu na ulikandamize. Kusokota kwa nguvu kunavuta vitanzi vya nyuzi na kupinda mishono ya pembeni.

## Hatua ya 8: Anika kwenye upepo, si kwenye jua

Kabla ya kulitundika, likung'ute mara kadhaa hewani mpaka usikie linalia. Manyoya yanasimama. Likianikwa yakiwa yamelala, yatakaukia hapo hapo yamelala, na kama kuna chokaa kidogo imebaki ndiyo itakayoyagandisha hivyo.

Mahali pazuri ni kwenye kivuli kinachopitiwa na upepo: barazani, chini ya mwembe usiodondosha utomvu, nyuma ya nyumba. Jua kali la mchana siku baada ya siku linachosha nailoni, na linakausha maji haraka kabla hujapata nafasi ya kulikung'uta katikati. Kwa upepo wetu huhitaji jua. Wakati wa kusi, miezi ya katikati ya mwaka, taulo jembamba kivulini linakauka kabla hujamaliza shughuli nyingine za nyumbani.

Sehemu za kuepuka ninaziorodhesha kwa sababu nazijua kwa macho. Bati lililopigwa na jua: linachoma mkono, litachoma na nyuzi, na lina kutu. Uzio wa makuti: vijiti vyake vinanasa na utaviona baadaye vikichora kioo. Seng'enge hutoboa. Michongoma inajulikana. Majani chini, hapana, kwa sababu taulo litabeba kila mbegu iliyoko uani.

Sasa suala la bahari. Ukikaa karibu na ufuko, Shangani, Mikindani au mtaa wa Lindi unaotazama ghuba, upepo wa mchana unakuja na chembe za chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ndiyo maana taulo lililokauka saa tisa, likiachwa kwenye kamba usiku kucha, asubuhi unalikuta linanata kidoleni kana kwamba halikukauka. Lipapase: kuna ukavu juu na ubichi chini yake. Halina umande peke yake, lina chumvi iliyouvuta umande ule. Anika upande wa nyumba uliokingwa na bahari, na anua kabla jua halijazama. Likishanata, kulianika tena hakusaidii. Lisuuze kwa maji matamu kwanza.

Miezi ya mvua, ambayo kwa Mtwara na Lindi ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei hivi, tatizo ni jingine: taulo halikauki, linaanza kunuka uvundo. Fua mafungu madogo, kaza mkono kwenye kukamua, tundika ndani penye feni au kati ya madirisha mawili yanayotazamana, na acha nafasi ya kiganja kati ya taulo na taulo. Taulo chafu lililolowa lisilale kwenye ndoo hadi kesho. Bora uliache limechafuka lakini limekauka.

Likifikia kukauka nusu, likung'ute tena. Hii kung'uta ya katikati ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayotoa ulaini unaouhisi mwisho.

Umefanikiwa ikiwa taulo likishikwa pembe moja linaning'inia na kulegea lenyewe, halisimami kama ubao, na ukipitisha nyuma ya mkono juu yake huhisi kukwaruzwa. Kipimo cha pili: mwaga kijiko cha maji kwenye kioo au sahani bapa, weka taulo juu bila kukandamiza, liburute taratibu. Maji yakiingia ndani, kazi imekamilika. Yakikimbizwa mbele, kuna kitu kimebaki.

## Hatua ya 9: Kunja na kuhifadhi

Kunja likiwa limekauka kabisa, weka kwenye boksi lenye kifuniko au mfuko safi, kila fungu na lake. Buti la gari lenye dumu la petroli na spana si mahali pake. Kabati lenye mavazi ya pamba yanayotoa nyuzi pia si pazuri.

Pasi hapana, hata kidogo. Pasi ya umeme ikiwekwa kwenye pamba hufika karibu nyuzi joto 200, na ya mkaa haina hata cha kupimia. Ncha za nyuzi zinayeyuka, zinakuwa vinundu vidogo vigumu, na vinundu hivyo ndivyo vinavyochora rangi ya gari.

## Wenye mashine

Programu ya nguo nyororo, nyuzi joto 30 au 40, sabuni ya maji nusu ya ile unayotumia kwa nguo, kisha ongeza suuzo moja la ziada. Sehemu ya dawa ya kulainisha iwe tupu. Kama imewahi kutumika, ifungue uioshe, kwa sababu mabaki yake yataingia kwenye taulo hata usipoweka mpya. Mashine ya kukaushia, kama unayo, iwe kwenye joto la chini kabisa.

## Taulo lililokwisha kukakamaa

Usilitupe bado. Kwanza ujue ni gumu kwa sababu gani. Litazame kwa mwanga wa pembeni. Kama manyoya yameshikana lakini hayang'ai, kuna kilichoyaziba, na linaokoka. Kama uso unang'aa na ukiligusa unahisi vinundu, limeungua na hakuna dawa.

Linaloweza kuokoka lifanyie hivi, kwa mpangilio huu huu:

1. Loweka nusu saa kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu yenye kikombe kimoja cha siki.
2. Kamua, kisha lifue kwa sabuni ya maji, kijiko kimoja kwa lita 10, ukilifinya kwa muda mrefu kuliko kawaida.
3. Suuza mara tatu au nne, pima kwa chupa.
4. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, likung'ute, lianike kivulini.
5. Likifikia ubichi wa mwisho mwisho, lipitishe brashi laini kwa upande mmoja, bila kukandamiza.

Siki lazima itangulie. Inapouvunja ule ukoko wa sabuni ya mche na chokaa, inayachukua madini lakini inaacha mafuta ambayo sabuni ilitengenezwa nayo. Mafuta hayo yanahitaji sabuni ya maji kuyatoa. Anayefua kwanza na kumalizia na siki anayaacha ndani, halafu anasema siki haifanyi kazi.

Taulo lililopakwa dawa ya kulainisha kwa muda mrefu linaweza kuhitaji kurudiwa yote mara mbili. Ukirudia na bado linasukuma maji kwenye sahani, lishushe daraja: kutoka vioo kwenda mwili wa gari halishuki, litachora. Lishushe moja kwa moja kwenye matairi au bodaboda, likate pembe moja ili lisirudi kimakosa kwenye fungu la vioo.